Maziwa ya Kuosha Kifua

Ijumaa mchana Nanyama alikuwa anasugua sufuria ya ugali wa jana pale mfereji wa jikoni ulipokohoa, ukatema hewa, kisha ukaanza kutoa maziwa. Hakubabaika. Kileleshwa maji huja yakitaka, na yakija huja na rangi yoyote. Kuna wiki huja mekundu kama udongo, kuna wiki huja na harufu ya dawa ambayo hata majani ya chai hayaifichi. Alikinga kidole, akakilamba, akaona ni maziwa mazuri, tena mazito kuliko yale ya kibanda cha pale getini. Akasuuza sufuria kwa hayohayo maziwa, akaiweka chini ya mfereji ijae, kisha akampigia mumewe simu kazini.

"Baba Everlyn, maji imegeuka maziwa."

"Yote?"

"Ya jikoni na ya bafu. Ya choo bado sijaangalia."

"Angalia," Zedekiah alisema. "Niko na wageni."

Wageni wenyewe walikuwa Musili na mkewe, Mama Muli, nao walikuwa wameketi ukingoni mwa viti vya ofisi kama watu wanaoogopa kuchafua kitambaa. Walikuwa wametoka hospitali moja kwa moja, kule Upper Hill. Mama Muli alikuwa amepakata mfuko mkubwa wenye picha za eksirei. Musili, aliyekuwa mwanamume wa kifua na misuli, alikuwa amebaki mabega tu, na koti lake lilining'inia hapo kama limetundikwa ukutani.

"Bwana Stoo," alisema Musili, akapumzika kidogo ndipo aendelee. "Daktari amesema ni saratani. Imeshika ile ngozi inafunika mapafu. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi na mabati ya asbesto."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi ndiye nilitoa paa za Kileleshwa."

Alilisema hilo kwa majivuno kidogo, na haki yake ilikuwepo. Enzi hizo Zedekiah alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya Mzee Kibe, kampuni iliyonunua nyumba kuukuu zenye bustani kubwa, ikazibomoa, ikasimamisha maghorofa. Siku hizi Zedekiah ni meneja na ana kiti kinachozunguka, lakini watu wa zamani bado humwita Bwana Stoo, naye hajawahi kuwakataza. Nyumba zile karibu zote zilikuwa na mabati ya asbesto, yale ya kijivu yanayovunjika kama chapati iliyokauka. Musili alikuwa akipanda juu akiwa na nyundo, anayavunja, anayatupa chini, na vumbi lilikuwa linapanda mpaka mtu aliyesimama barabarani asijue kama ni nyumba inabomolewa au ni unga unasagwa. Jioni alikuwa anashuka akiwa mweupe nyusi na kope. Wenzake walikuwa wakimcheka wakimwita mzungu.

"Daktari amesema serikali iko na fidia," Mama Muli alisema. "Mtu akigonjeka juu ya kazi, analipwa. Tutapata ya dawa. Lakini hiyo ofisi inataka mtu wa kusema alikuwa huko na vile walikuwa wanafanya kazi. Na Baba Muli alikuwa kibarua tu, hakuandikwa mahali."

"Ni wewe tu uko," Musili alisema. "Wale wengine wote wameenda."

Kwa kwenda alimaanisha kufa, na Zedekiah alilijua hilo kwa sababu alikuwa amekwenda kwenye mazishi yao akiwa na mchango wa kampuni. Walikuwa wamekufa mmojammoja, kwa kifua, na kila mara alijiambia kwamba wanaume wa mjengo wanavuta sigara sana.

"Nitakuja," alisema.

Musili akatabasamu. "Nilimwambia Mama Muli huwezi kukataa. Huyu mtu alitupatia maziwa. Hakuna siku tulishuka kwa paa tukakosa maziwa yake. Muli wetu amekua na hiyo maziwa."

Zedekiah aliangalia simu yake kana kwamba imeita. Haikuwa imeita.

Habari ya yale maziwa ilikuwa hivi. Vibarua walipoanza kukohoa, Mzee Kibe alimwita Zedekiah akamwambia atafute kitu cha kuwasaidia, maana kazi ilikuwa inachelewa. Zedekiah akaenda mjini, kwenye duka la vifaa karibu na stendi ya mabasi, akauliza bei ya maski za vumbi. Mwenye duka akamwuliza ni vumbi gani. Aliposikia ni asbesto, akaziweka kando zile nyepesi na kuchukua nyingine kutoka kwenye rafu ya juu, nzito, zenye vichujio viwili vya pembeni kama mashavu. "Hii ndiyo inaweza," akasema. "Hiyo vumbi, ndugu yangu, usicheze nayo. Inaingia na haitoki." Zedekiah akauliza bei, akashukuru, akatoka. Njiani alijiambia kwamba kazi ya mwenye duka ni kuuza.

Tena alikuwa na jambo lake analolijua. Mjomba wake alikuwa amefanya kazi kwenye kinu cha pamba, na huko walikuwa wanapewa maziwa kila jioni yawaoshe kifua. Wapaka rangi hunywa maziwa. Wachomeleaji hunywa maziwa. Anayesaga mahindi akikohoa huambiwa na mkewe anywe maziwa, na hakuna mtu amewahi kuuliza maziwa yanayoshuka tumboni yanafikaje kwenye mapafu. Zedekiah akampelekea Mzee Kibe wazo la maziwa, na Mzee Kibe akalipenda mpaka akamshika bega. Mwaka haukuisha kabla Zedekiah hajapandishwa cheo. Watu wakubwa waliona ni kijana mwenye kichwa na mwenye huruma pia, mambo mawili ambayo hayapatikani pamoja kila siku.

Alipofika nyumbani jioni ile, Nanyama alikuwa amejaza kila kitu: sufuria, ndoo, karai la kufulia, hata ile birika ya wageni. Zedekiah akafungua mfereji wa jikoni. Maziwa yakatoka, meupe, yenye uvuguvugu, kama yaliyokamuliwa muda huohuo.

"Choo pia?" aliuliza.

"Choo pia. Hiyo ndiyo inaniuma. Ni kumwaga tu."

Wakamwita Fidel, kijana anayetunza ghorofa lile. Fidel akaja na spana, akafungua bomba moja chini ya sinki, akalifunga, akapanda kwenye tangi juu ya paa, akarudi.

"Mzee, tangi iko na maji. Majirani wako na maji. Ni kwako tu."

"Sasa nifanye nini?"

Fidel alifikiri. "Usiache ilale kwa bomba. Itaganda, na tukianza kuvunja ukuta, tutavunja mpaka kwa jirani."

Basi kila asubuhi kabla ya jua, Zedekiah alifungua mifereji yote ili mabomba yapumue. Alioga maziwa. Alipiga mswaki kwa maziwa. Kanisani watu waliokaa karibu naye walinusa kitu kama mtoto mchanga, wakageuka kutafuta mtoto. Nanyama alichukua maji ya kufulia kwa jirani wa ghorofa ya chini, akambadilishia kwa maziwa, ndoo kwa ndoo, na jirani akaona hakuna aliyepunjwa. Mtu wa maji alipokuja kusoma mita aliisoma, akaonja, akasema maziwa si ya idara yake, ila mita imezunguka na bili italipwa kama kawaida.

Lilikuwepo jambo moja tu lililomsumbua Nanyama. Maziwa yakiachwa kwenye glasi yakatulia, yaliweka mashapo chini, mashapo ya kijivu, laini, yenye nyuzi ndogondogo zilizometameta mwangani. Alinunua kitambaa cheupe akawa anayachuja. Kitambaa kikijaa alikikung'uta nje, kwenye balkoni.

"Usikung'ute hapo," Zedekiah alimwambia siku moja, kwa ukali ambao hakuwa nao kwa kawaida.

"Kwani ni nini?"

Zedekiah alikuwa anaijua ile rangi. Ghorofa walilokaa lilikuwa la kampuni, na uwanja uliojengwa ghorofa ulikuwa wa mojawapo ya zile nyumba kuukuu. Musili alikuwa amelitoa paa lake karibu na pale ambapo sasa palikuwa na sebule yao. Aliliangalia lile vumbi kwenye kitambaa na roho ikamchoma. Maziwa yalikuwa yameosha vifua hatimaye, na kilichooshwa humo kilikuwa kimeletwa kwake.

"Lowesha kwanza," alisema. "Halafu ufunge kwa karatasi."

Hakunywa yale maziwa. Alimwambia mkewe tumbo lake halikubali maziwa tena, akawa anakunywa chai ya rangi, na kila alipoinywa alijua kwa nini.

Barua ya wito kutoka ofisi ya fidia ilipofika kazini, Mzee Kibe alimwita. Mzee Kibe si mtu mbaya, na anayesimulia angependa jambo liwe rahisi hivyo. Ni mzee wa kanisa, ana sauti ya chini, na akikutuma kwenda kununua kitu hukuuliza kwanza kama umekula. Kando yake alikuwa amekaa Kui, wakili wa kampuni, msichana mwerevu anayeandika bila kuangalia karatasi.

"Zedekiah," Mzee Kibe alisema, "sitaki udanganye. Ukidanganya, Mungu anaona. Nataka useme ukweli. Sema alifanya kazi kwetu. Sema tuliwajali."

"Nitasema ukweli, Mzee."

"Ukiulizwa maski," Kui alisema, "jibu kile mlifanya, Mzee Zedekiah. Sio kile hamkufanya."

Zedekiah aliitikia. Alitoka pale akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Hakuna aliyemwomba aseme uongo. Kumsimamia Musili na kula mkate wa Mzee Kibe kumbe yalikuwa mambo yanayowezekana kwa pumzi moja. Usiku alilala vizuri, na asubuhi mifereji ilitoa maziwa mengi kuliko siku zote.

Ofisi ya fidia iko katikati ya mji, juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ina tangazo la kuomba radhi lililochakaa. Musili alipanda ngazi akishikwa na mkewe upande mmoja na Zedekiah upande mwingine. Kwenye kila pumziko la ngazi alikaa chini, na watu waliokuwa wanashuka na faili zao walimpita kwa adabu. Alikuwa mwepesi mno. Zedekiah alimkumbuka akiwa amesimama juu ya boriti, mikono kiunoni, akiimba nyimbo za kwao kule Machakos huku vumbi likimzunguka, akajikuta amemshika mkono kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Pole pole, Bwana Stoo," Musili akasema. "Mimi sio simiti."

Afisa wa fidia alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juu ya gauni la kitenge. Alizisoma karatasi za daktari mpaka mwisho, jambo ambalo Mama Muli aliliona na kumnong'oneza mumewe. Ugonjwa haukubishaniwa na mtu. Kisha akamgeukia Zedekiah.

"Mzee, huyu bwana alikuwa mfanyakazi wenu?"

"Alikuwa. Alitoa mabati ya asbesto. Kazi ya miaka."

Mama Muli alifumba macho kwa shukrani. Kui, aliyekaa upande wa pili wa meza kwa niaba ya kampuni, hakupinga.

"Alipewa vifaa vya kujikinga?"

Zedekiah alimtazama Musili. Musili akamtikisia kichwa kumtia moyo, kama mzazi anavyomtikisia mtoto aliyesimama kuimba kanisani. Jibu lilikuwa fupi, herufi chache tu, na lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Alipewa maziwa," Zedekiah alisema.

"Maziwa."

"Ya kuosha kifua. Paketi, kila siku jioni."

Kalamu ya afisa ilisimama. Uso wake ukalainika. "Baba yangu alikuwa kwa kiwanda cha simiti," alisema. "Walikuwa wanapewa maziwa pia. Hakuwahi kukosa. Sisi tulikuwa tunangoja aondoke tuangalie kama amebakisha."

"Bado yuko?" Mama Muli aliuliza, kwa heshima.

"Alituacha. Kifua." Aliandika tena. "Bwana Musili, ni kweli ulipewa hayo maziwa?"

"Ni kweli, madam," Musili alisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kwa sababu hakutaka rafiki yake aonekane mwongo. "Hakuna siku huyu mtu alitunyima."

"Na ulikuwa unakunywa?"

Musili alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, wakangoja kiishe. "Nitakunywaje, madam, na kuko na mtoto nyumbani? Nilikuwa naweka kwa koti nampelekea Muli. Sisi wote tulikuwa tunapeleka nyumbani. Kawangware watoto walikuwa wanatungoja kwa kona."

"Alikuwa anafika kama koti imejaa vumbi," Mama Muli alisema. "Nakung'uta, natoa maziwa, nafua."

Afisa alimtazama Kui. Kui alisema kwa upole kwamba mwajiri alitoa kinga, na mfanyakazi hakuitumia. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Afisa aliitikia polepole. Haikuwa kwamba hakuwa na huruma. Alikuwa nayo, ilionekana. Lakini alikuwa amekua akijua kwamba maziwa huosha kifua, na aliyepewa maziwa asiyanywe alikuwa amejiponza mwenyewe.

"Mzee," alimwambia Zedekiah, "mlikuwa mnajua hawanywi?"

Hapo ndipo Zedekiah angeweza kusema. Angeweza kusema kwamba alijua, kwamba aliwaona wakiyafunga kwenye makoti na akafurahi kuonwa mtu mzuri. Angeweza kusema kwamba hata wangekunywa mtungi mzima hawangepona, kwamba mtu mmoja dukani alimwambia lile vumbi haliingii likatoka, na alimsikia vizuri, na akarudi na maziwa. Maneno yote yalikuwepo. Alifungua kinywa. Aliona kiti chake kinachozunguka, akaona Nanyama na balkoni yake, akaona mkono wa Mzee Kibe begani.

"Sikuwa nawafuata nyumbani," alisema.

Ulikuwa ukweli. Afisa akauandika.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa, nao ulisema kile ambacho ungesema. Mama Muli alikuja ofisini kumsomea Zedekiah, akidhani labda kuna neno ambalo hakulielewa. Alielewa yote. "Wanasema hakunywa," alisema. "Angekunywa, wangelipa." Akaikunja barua. "Ni mimi. Ningemwambia akunywe. Lakini mtoto alikuwa analia, Baba Everlyn."

Zedekiah alisema si yeye. Alisema mara mbili. Hakusema ni nani.

Musili alipolazwa, chakula kilikataa kupita. Wauguzi walimpa uji akautapika, wakampa supu akaitapika. Zedekiah akaenda kumwona, na kwa kuwa hakujua aende na nini, alijaza chupa ya chai kwa maziwa ya mfereji, Nanyama akiyachuja mara tatu. Musili alikunywa kikombe, akakaa, akangojwa, na maziwa yakakaa. Akaomba kingine.

"Unajua," alisema, akipangusa mdomo, "ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja maziwa yako. Zile zingine zote zilienda nyumbani."

"Musili."

"Kumbe ilikuwa tamu hivi."

Zedekiah akavuta kiti. Alikuwa amejipanga tangu nyumbani, ngazi baada ya ngazi. "Musili, kuko na kitu nataka nikuambie. Ile wakati nilitumwa kununua maski—"

"Wachana na maski," Musili alisema. "Hizo za siku hizi zinafunga pumzi. Nimiminie hiyo imebaki."

Akammiminia. Akamshikia kikombe, na hakuyasema tena. Kuanzia siku hiyo alipeleka maziwa kila asubuhi kabla ya kazi. Walinzi wa getini walimzoea. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walipata vikombe vyao, na wengi walikuwa wagonjwa wa kifua, na kila mmoja alimwambia ana roho nzuri. Alizipokea zile shukrani kama mtu anayepigwa mbele za watu na haruhusiwi kulia.

Musili alikufa kwenye mwezi wa mvua. Zedekiah alienda Machakos na mchango wa kampuni, akasimama kaburini, akaambiwa aseme maneno machache kwa niaba ya wafanyakazi wenzake. Alisema Musili hakuwa na mwenzake juu ya paa. Watu wakapiga makofi, kwa sababu ni kweli.

Alitarajia mfereji utakauka baada ya mazishi. Aliporudi aliufungua hata kabla ya kuvua viatu. Maziwa yalitoka vilevile, meupe, yenye uvuguvugu.

Mzee Kibe alizipata habari za maziwa kwa Fidel, aliyekuwa ameorodhesha matatizo ya ghorofa: taa ya ngazi, kufuli la geti, maziwa. Hakushangaa. Alisema tu kwamba nyumba ni ya kampuni na bomba ni la kampuni. Kisha akasema jambo la pili, kwa ile sauti yake ya chini. Kifo cha Musili kilikuwa kimemgusa. Fidia haikuwezekana, sheria ilikuwa imesema, lakini mtu hawezi kuwaacha watoto wa mwenzake hivihivi. Kulikuwa na nyumba kuukuu imenunuliwa kule Kilimani, nyuma ya yale maduka mapya. Muli aje, apewe kazi.

"Kazi gani, Mzee?"

"Si baba yake alikuwa fundi wa kutoa paa? Hiyo iko kwa damu."

Zedekiah alisimama pale kwenye zulia. Paa la nyumba ile alikuwa ameliona. Lilikuwa la kijivu.

"Mzee, tuwanunulie maski. Zile nzito."

Mzee Kibe alimtazama kwa upendo. Alikuwa anamjua tangu ujana wake. "Maski wanavua, Zedekiah. Unajua vijana. Na maziwa iko, tena ya bure. Wewe ndiye ulitufundisha." Akamshika bega. "Safari hii tutahakikisha wanakunywa."

Zedekiah alisema ndiyo, Mzee. Alipofika nyumbani alijifungia bafuni akakaa ukingoni mwa hodhi la kuogea, akafungua mfereji, akaacha maziwa yamwagike mpaka Nanyama akagonga mlango kuuliza kama anaumwa.

"Naumwa," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Jumatatu pikapu ya kampuni ilikuja Kileleshwa asubuhi. Nanyama alikuwa ameshayachuja, na vumbi lilikuwa limefungwa kwenye karatasi kando ya mlango. Fidel alisaidia kupakia mikebe. Kilimani vijana walikuwa wamesimama kwenye bustani iliyojaa magugu, wakitaniana, wakibonyeza simu, na nyundo zimeegemezwa kwenye ukuta. Muli alikuwa miongoni mwao. Ana mabega ya baba yake, yale ya zamani. Alipomwona Zedekiah alikuja mbio kumpokea mkebe, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Sasa, Bwana Stoo. Mathe amesema nikusalimie sana."

"Ameamkaje?"

"Yuko poa. Amekohoa kidogo juu ya baridi, lakini yuko poa."

Zedekiah akachota, akamjazia chupa. Alimwambia anywe hapohapo, amwone. Muli alikunywa funda moja kumridhisha mzee, akapangusa mdomo, akaangalia huku na huku, kisha akafunga chupa na kuiingiza ndani ya koti.

"Hii ingine ya katoto kangu," alisema kwa aibu. "Kamepewa jina ya mathe, Veronicah. Kanapenda maziwa hako, hata huwezi amini."

"Kunywa, Muli," Zedekiah alisema. "Nitakupa nyingine ya kupeleka."

"Hiyo pia nitapeleka." Akacheka. "Asante sana, Bwana Stoo. Buda alikuwa anasema hakuna mtu kama wewe."

Akachukua nyundo, akapanda ngazi bila kuishika, akasimama juu ya paa mikono kiunoni akiangalia maghorofa ya Kilimani. Kisha akainua nyundo akapiga. Bati la kwanza lilivunjika kwa sauti kavu, na vumbi likaanza kushuka polepole juu ya magugu, juu ya makoti, juu ya pikapu. Zedekiah alilitazama likija. Akachukua mfuniko wa mkebe akaufunga vizuri, akaukandamiza kwa viganja viwili, ili lisiingie kwenye maziwa.